Nimejirekodi nikisomesha: nitazame nini?

Mwalimu wa Baiolojia, Wete

Assalaamu alaykum walimu wenzangu.

Nasomesha baiolojia kidato cha pili katika skuli moja ya Wilaya ya Wete, na darasa langu lina wanafunzi 58. Mwezi uliopita niliwapa jaribio dogo la osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando mwembamba kutoka penye chumvi kidogo kwenda penye chumvi nyingi, mada ambayo niliamini kuwa nimeisomesha vizuri kuliko zote za muhula huu, kwa sababu nilikuja na mbatata, kisu, vikombe na chumvi, na watoto walikuwa wachangamfu kutoka mwanzo hadi mwisho. Zaidi ya nusu yao wakaandika kwamba chumvi ndiyo inayoingia kwenye mbatata, ilhali darasani kila nilipouliza "Mmefahamu?" walinijibu kwa sauti moja kwamba wamefahamu. Sikuwa na maelezo ya jambo hilo, kwa hiyo niliporudia mada niliamua kujirekodi. Niliiegemeza simu kwenye dirisha la nyuma, nikasomesha kipindi kizima cha dakika 40, na usiku watoto wangu walipolala nikakaa kuitazama.

Sikufika dakika ya kumi. Nilichokiona ni mimi tu: sauti ambayo sikuitambua kuwa ni yangu, neno "haya" kila baada ya sentensi mbili, na mkono unaofuta ubao huku watoto bado wameinamia madaftari wakinakili. Nikaifuta video. Wiki iliyofuata, kwa darasa jingine ninalolisomesha mada hiyo hiyo, nikarekodi tena, na hiyo bado ninayo, ila sijaifungua.

Naomba msaada wa walimu waliowahi kulifanya jambo hili kwa dhati. Mtu anapotazama kipindi chake mwenyewe, anatazama nini hasa, ili asiishie kwenye aibu?

Na liko jingine linalonitia wasiwasi zaidi. Mwalimu mkuu wetu, ambaye ni mtu mwema na anatutakia kheri, amesikia habari hii na akapendekeza video iwekwe kwenye kundi la WhatsApp la walimu wote ili wengine wapate kujifunza. Mimi ni mwanamke ninayejistiri, na wengi katika darasa lile ni wasichana waliokwisha kubaleghe. Sitaki sura zetu wala sauti zetu ziwe katika simu za watu ambao sitajua wamezipeleka wapi. Sijui nimjibu vipi bila ya kuonekana kwamba nakataa kushirikiana na wenzangu.

Mwalimu wa Hisabati, Mkoani

Wa alaykum salaam, dada. Tafadhali usiifute hiyo ya pili. Mimi nasomesha darasa la nne na nimekuwa nikijirekodi kwa miaka miwili sasa, na ninakiri kwamba rekodi tatu za mwanzo nilizifuta kama ulivyofanya wewe.

Kilichonisaidia ni kuacha kujitazama nikaanza kujisikiliza. Geuza simu kifudifudi, au rekodi sauti peke yake, kisha chukua karatasi na uweke alama kila unapouliza swali. Nilipofanya hivyo kwa kipindi kimoja cha hesabu za sehemu, kama nusu na robo, nilihesabu maswali 47, na kwa kweli nilifurahi, nikajiona mwalimu anayeshirikisha watoto. Kisha nikarudi mwanzo wa rekodi na kuandika mbele ya kila alama ni nani aliyejibu. Maswali 33 yalijibiwa na darasa zima kwa pamoja, 9 niliyajibu mwenyewe kabla mtoto yeyote hajafungua kinywa, na yaliyojibiwa na mtoto mmoja mmoja yalikuwa 5 tu, nayo yalijibiwa na watoto watatu wale wale, wote wa madawati ya mbele. Darasa lile lina watoto 63.

Hayo 33 ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Sote tunalijua swali la namna hii: mwalimu anaonesha ubaoni namba ya juu ya sehemu na kusema, "Hii tunaiita kia...?" na darasa linamalizia, "...siii!" Anashuka chini, "Na hii ni a...?" na darasa linaitikia, "...siliii!" Mtoto anaweza kuimalizia silabi ile vizuri kabisa bila ya kujua asili ni kitu gani, kwa sababu kinachomwongoza ni mdundo wa sauti ya mwalimu na sauti ya jirani yake. "Mmefahamu?" nayo ni ya jamii hiyo hiyo. Haina jibu ila moja, na mtoto aliyelelewa vyema hawezi kumwambia mwalimu wake "hapana" mbele ya watu.

Jambo la pili nililolipima ni kimya. Miaka ya mwanzoni mwa 1970, mtafiti wa Marekani aitwaye Mary Budd Rowe, aliyekuwa akishughulika na usomeshaji wa sayansi, alichunguza rekodi nyingi za sauti za madarasani na kukuta kwamba mwalimu akishauliza swali husubiri kwa wastani wa sekunde moja tu, kisha hulirudia, hulibadilisha au humwita mtoto mwingine. Walimu walipofundishwa kusubiri sekunde 3 au zaidi, majibu ya wanafunzi yakawa marefu, waliosema hawajui wakapungua, na wanafunzi waliokuwa kimya wakaanza kujitolea kujibu. Nilisoma habari hiyo chuoni na kuijibia mtihani, lakini sikuiamini mpaka nilipoisikia rekodi yangu, ambamo kati ya swali langu na sauti yangu inayofuata hapana hata nafasi ya kuvuta pumzi.

Sekunde 3 mbele ya darasa ni ndefu mno unapozianza. Mimi nikishauliza swali nasema kimoyomoyo "Subhanallah" mara tatu bila ya haraka, na siyapeleki macho yangu kwa mtoto wa mbele aliyekwisha kunyoosha mkono. Mwanzo watoto walidhani nimekasirika. Baada ya wiki tatu hivi alinyanyua mkono mtoto wa dawati la mwisho kabisa, ambaye nilikuwa nimekwisha kumhesabu miongoni mwa wasiojua, akaeleza kwa maneno yake kwa nini robo ni ndogo kuliko thuluthi ilhali nne ni kubwa kuliko tatu. Rekodi ya siku ile sikuifuta mpaka leo.

Mwalimu Mkuu Msaidizi, Makunduchi

Mwenzangu wa Mkoani ameeleza vizuri, nami nitajibu lile la kundi la WhatsApp peke yake.

Usikubali. Katika skuli niliyokuwapo zamani, kipande cha sekunde zisizozidi 20 cha mtoto aliyekosea kusoma kilitolewa kwenye kundi la walimu, pasipo nia mbaya kwa kadiri tulivyoweza kujua, na kabla ya magharibi kilikuwa kimekwisha kufika mtaani kwao. Mtoto yule hakurudi skuli kwa wiki mbili, na mama yake alipokuja ofisini hatukuwa na la kumwambia. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, imeyaweka maslahi ya mtoto mbele katika mambo yanayomhusu, na sioni ni maslahi gani anayoyapata mtoto kwa makosa yake kuzunguka katika simu za watu wazima.

Kwa mwalimu mkuu wako, nenda na badala yake mkononi, usiende na kukataa kutupu. Mwambie kwamba katika kikao cha walimu utaeleza kwa maneno ulichojifunza, na kwamba yeye mwenyewe au mwalimu yeyote anakaribishwa kuja kukaa nyuma ya darasa. Mwambie pia kwamba wazazi waliomwachia watoto wao hawakuombwa ruhusa ya video. Kama mna nia ya kuendelea na kazi hii kwa muda mrefu, andikeni barua fupi kwa wazazi, ya Kiswahili chepesi, inayosema rekodi ni ya nini, nani ataiona na itafutwa lini, na mtoto ambaye mzazi wake hakuridhia akae upande ambao simu haiuoni, bila ya kuulizwa sababu. Kwa wasichana waliobaleghe, kuiweka simu pembeni nyuma, ikaonekana migongo ya watoto pamoja na ubao, huondoa sehemu kubwa ya tatizo.

Mwalimu wa TEHAMA, Chake Chake

Nitaongeza mambo ya simu, kwa kuwa nimewaona walimu wengi wakivunjika moyo kwa sababu yake.

Video yenye ubora wa picha wa kiwango cha 1080 huchukua takriban megabaiti 130 kwa dakika katika simu nyingi, yaani zaidi ya gigabaiti 5 kwa kipindi kimoja. Ukishusha hadi 720 inakuwa kiasi cha nusu yake, na kwa kusoma ubao inatosha. Kadi ya kumbukumbu yenye mfumo wa FAT32, ambao ni namna ya zamani ya kupanga mafaili, haikubali faili moja kuzidi gigabaiti 4, na hiyo ni sababu mojawapo ya rekodi kukatika katikati ya kipindi. Sauti peke yake, kwa kilobiti 64 kwa sekunde, haifiki megabaiti 20 kwa dakika 40.

Weka simu katika hali ya ndege ili mtu asipige katikati ya somo. Usiielekeze dirishani, kwani mwalimu na ubao vitageuka vivuli. Ikiwa unataka sauti za watoto, simu ikae kwenye dawati la katikati ya darasa; ukiitia mfukoni utajisikia wewe tu. Madarasa yetu ya mabati hayarekodiki wakati mvua ya masika inapopiga, kwa hiyo chagua siku. Na jambo la kukumbuka kuliko yote: simu nyingi hupeleka picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni zenyewe, bila ya kukuuliza kila mara. Ingia katika mipangilio ukaizime huduma hiyo kabla hujarekodi, maana unaweza kuifuta video katika simu ukadhani imekwisha, nayo ipo kwingine.

Maalim Mstaafu, Chake Chake

Mwanangu mwalimu wa Wete, nimesoma maneno yako mara mbili.

Aibu uliyoiona ni ya kila mtu. Nilipokuwa nikiwafunza walimu wanafunzi chuoni, tuliwapa mazoezi mafupi ya kusomesha, dakika tano hadi kumi, mbele ya wenzao wachache. Njia hiyo ilianzishwa mwaka 1963 katika Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, na Dwight Allen na wenzake, na tangu siku hizo waliambatanisha nayo kamera: mwalimu anasomesha kipande kidogo, anajitazama, anazungumza na msimamizi wake, kisha anakisomesha tena kipande kile kile kwa kikundi kingine. Sisi kamera hatukuwa nayo kila mara, lakini siku ilipopatikana niliona jambo moja likijirudia: mara ya kwanza mtu hutazama nguo zake na kusikia sauti yake, mara ya pili huhesabu makosa ya ulimi, na kuanzia mara ya tatu macho yake huanza kwenda kwa wanafunzi. Wewe uliiacha rekodi katika mara ya kwanza. Ujipe nafasi ya kufika ya tatu.

Sasa nina neno na mwanangu wa Mkoani, ambaye amesema mengi ya kweli. Kuhesabu maswali ni kuzuri kwa kuanzia, na hata wataalamu wamefanya hivyo. Ned Flanders wa Marekani alitengeneza utaratibu wa kuandika kila baada ya sekunde 3 ni nani anazungumza na kwa namna gani, akayagawa yote katika mafungu 10, saba ya mazungumzo ya mwalimu, mawili ya wanafunzi na moja la kimya au vurugu. Lakini hesabu haikuambii swali lipi lilistahili kuulizwa. Nimewahi kuwaona walimu waliopunguza maswali ya pamoja kutoka thelathini hadi matano, na hayo matano hayakuwa na kitu ndani yake. Zaidi ya hayo, osmosisi ni mada ya picha. Mwalimu anachora kikombe, anachora mbatata, anachora mishale, na huenda tatizo lako limo ubaoni ambako sikio halifiki. Sikiliza kwanza kama alivyokushauri, kisha uifungue video na uutazame ubao wako kama mtoto ambaye hakukusikia hata neno moja.

Njia niliyoiamini mimi ni ya kuchosha, nayo ni kuandika. Chagua dakika mbili tu, zile ambazo ndani yake mwanafunzi ilimpasa afikiri kwa mara ya kwanza, na uziandike neno kwa neno: alichosema mwalimu, alichosema mtoto, palipokuwa na kimya, na sauti zozote zilizosikika nyuma ingawa hukuzijali siku ile. Itakuchukua karibu saa nzima. Liweke andalio lako la somo pembeni na ujiulize ni wapi ulichokipanga kiliachana na kilichotokea. Ukitaka jicho la pili, mchague mwalimu mmoja unayemwamini, mkae pamoja skuli au kwenye kituo cha walimu, muwe na sharti kwamba wewe ndiye unayechagua kipande na wewe ndiye unayeuliza, na kwamba yeye aanze kwa kusema wanafunzi walifanya nini kabla hajasema lolote juu yako.

Nimewahi pia kufanya kazi ya ukaguzi, na ninakuambia wazi kwamba rekodi ya namna hii isiingie katika faili la kumpima mwalimu. Siku itakapoingia, kila mtu atarekodi kipindi alichokifanyia mazoezi na watoto, na hatutajua tena kinachotokea madarasani.

La mwisho ni hilo la darasa kuitikia kwa pamoja, ambalo naona linakuuma kama kwamba ni kosa lako peke yako. Mwaka 1995 ulifanyika uchunguzi wa video katika madarasa 231 ya hisabati ya darasa la nane, katika nchi za Ujerumani, Japani na Marekani, na jambo lililojitokeza waziwazi ni kwamba walimu wa nchi moja walifanana mno, na nchi na nchi zilitofautiana mno. Wajapani mara nyingi waliwaachia wanafunzi wahangaike na suala kwanza ndipo maelezo yakafuata. Wamarekani walionesha njia kwanza kisha wakawapa mazoezi. Hapana aliyewaamrisha walimu hao kila mmoja nyumbani kwake. Walisomesha kama walivyosomeshwa. Nasi tuliitikia hivyo hivyo tukiwa watoto, chuoni na skuli, na wanaotuitikia leo wamerithi kwetu. Kwa hiyo usijilaumu kwa sauti ile. Ila sasa umeisikia, na hilo ni jukumu.

Mwalimu wa Baiolojia, Wete

Shikamoo Maalim, na nyote nakushukuruni, Mwenyezi Mungu akulipeni kheri. Imenichukua siku tisa kurudi kwa sababu nilitaka nije na kazi iliyofanyika.

Nilianza kwa kusikiliza tu, kama alivyonielekeza ndugu yangu wa Mkoani. Maswali yalikuwa 39 na yaliyojibiwa na mtu mmoja yalikuwa 4. Kisha nikachagua dakika mbili na kuziandika, na haya ni baadhi ya yaliyomo. Mimi: "Tumeitia mbatata kwenye maji ya chumvi, tumeiacha. Haya." Sauti ya msichana, nyuma, mbali: "Mwalimu, mbona imelegea?" Mimi: "Tutafika huko. Haya, maji yanapita kwenye uta...?" Darasa: "...ndooo!"

Hatukufika huko. Nimeisikiliza rekodi hadi kengele na sikulirudia swali lile hata mara moja. Mtoto aliuliza kitu ambacho ndicho somo lenyewe, kwani mbatata imelegea kwa kuwa imepoteza maji, na mwenye kulifahamu hilo hawezi tena kuandika kwamba chumvi imeingia na mambo yakaishia hapo. Nilikuwa nimesimama umbali wa madawati sita kutoka kwake na nilimjibu, kwa hiyo siwezi kusema sikusikia.

Halafu nikafungua video kwa ajili ya ubao, na Maalim alikuwa na haki. Nilichora kikombe na mbatata, nikaandika "chumvi" pembeni, na kutoka kwenye neno lile nikavuta mstari wenye kichwa cha mshale hadi ndani ya kikombe, ukaishia kwenye ngozi ya mbatata. Kwangu ulikuwa mstari wa kuonesha jina la kitu. Mishale ya maji niliichora baadaye, kwa chaki ile ile, midogo zaidi. Nilikusanya madaftari na kukuta mshale wa chumvi umenakiliwa na karibu wote, mwingine umekolezwa kwa kalamu nyekundu. Mchoro huo ndio ninaouchora katika madarasa yote mawili, kwa hiyo watoto waliandika katika jaribio kile nilichowachorea. Sasa majina ya vitu nayaunganisha kwa mstari mtupu, na mshale nauachia kitu kinachokwenda.

Mwalimu mkuu nilimwendea na maneno ya kaka yetu wa Makunduchi, naye aliyapokea vizuri kuliko nilivyotarajia, akasema hakuwa amefikiria habari ya wazazi. Nitaeleza habari ya mshale kwenye kikao cha walimu, na mwalimu mwenzangu wa kemia tumekubaliana kukutana Mitiulaya, kituo cha walimu, kila mmoja na kipande chake cha dakika mbili.

Jumatano nilirudi kwenye darasa lile na mbatata mbili, moja imekaa kwenye maji matupu na nyingine kwenye ya chumvi, nikawapitishia wazishike. Nikamwomba msichana yule aulize tena swali lake, akaona haya, kisha akauliza. Nilinyamaza. Nilisema "Subhanallah" mara tatu, nikaongeza, na nilikuwa nimekaribia kusema "haya" pale mvulana wa dirishani aliposema kwamba maji yametoka. Nikamuuliza yametoka wapi yamekwenda wapi, na mwingine akampinga kwamba la, ni chumvi imeyala maji ndani, na kengele ililia wakiwa bado wanabishana na mbatata zikiwa mikononi.

Kipindi hicho nimekirekodi kwa sauti tu. Nilipokisikiliza jana niliona jambo ambalo sijui la kulifanyia: kila mtoto aliyesema sentensi nzima aliisema kwa Kiswahili, na kila nilipowarudisha kwenye Kiingereza, ambacho ndicho watakachoandikia mtihani, walirudi kuwa sauti moja inayomalizia silabi. Aliyewahi kulisikia hili katika rekodi zake naomba anieleze alianzia wapi.